Paka wa Sultani

(Mazungumzo na klabu ya kusoma ya shule ya sekondari, Tanga)

Mwalimu Mkuu, walimu wenzangu, wazazi mliofika, na nyinyi wanangu mliokaa sakafuni kwa sababu viti vimetolewa kwa ajili yetu wazee: nashukuru. Shikamoo zenu zilikuwa nyingi pale mlangoni na sikuzijibu zote, basi marahaba, marahaba kwa jumla.

Barua ya mwaliko inasema nizungumzie "Umuhimu wa Kusoma". Mada hiyo nimeiweka pembeni, Mwalimu Mkuu aniwie radhi. Nimekuja kuzungumzia vitabu mnavyovisoma chini ya dawati wakati wa kipindi cha hesabu. (Kicheko.) Msicheke, walimu wenu wanajua.

Tangu nistaafu kufundisha Kiswahili nashinda siku mbili kwa wiki kwenye kile chumba mnachokiita maktaba, yaani makabati matatu, meza moja na feni isiyozunguka. Daftari la kuazimia liko mkononi mwangu, na lile daftari halina aibu. Miongozo ya mitihani inatoka mitihani ikikaribia, halafu inalala. Lakini vipo vitabu kumi na viwili ambavyo sijawahi kuviona rafuni wiki nzima. Majalada yake yamebandikwa selotepu mpaka selotepu yenyewe imebandikwa selotepu.

Nilipovipanga mezani nikaona ni vya aina mbili. Kuna riwaya za nchi iliyooza, hizi ambazo wasomi wanaziita za kidistopia: serikali inayojua hata unachoota, vijana wachache wanaokataa. Na kuna zile za fantasia zilizochota kwenye ngano za kale: miungu, majini, misitu inayosema. Wazazi wawili wameshanifuata kulalamika. Mmoja hataki aina ya kwanza, anasema watoto wanauana mle. Mwingine hataki ya pili, anasema ni uchawi. Nitawajibu wote wawili leo, ila nitapita njia ya mzunguko.

Hadithi, hadithi!

(Wanafunzi: Hadithi njoo!)

Uongo njoo, utamu kolea. Hii nilisimuliwa na bibi yangu, mtu wa Pangani. Anayependa maandishi ataikuta pia katika kitabu cha ngano ambazo mmisionari Edward Steere alizikusanya Unguja na kuzichapisha London mwaka 1870, ingawa bibi hakumjua Steere wala Steere hakumjua bibi.

Palikuwa na sultani aliyekuwa na paka. Paka akala ndama. Watu wakamwendea: Bwana, paka amekula ndama. Akasema, paka wangu, ndama wangu, mwacheni. Paka akala mbuzi. Paka wangu, mbuzi wangu, mwacheni. Akala ng'ombe, akala punda, akala ngamia. Bibi akifika hapo alikuwa anatuachia sisi wajukuu tulitamke wenyewe lile "mwacheni", na tulilitamka kwa nguvu, maana lilikuwa tamu mdomoni. Halafu paka akala mtoto wa mtu. Tukasema, "Mwacheni!" Bibi akanyamaza, akatutazama mmoja mmoja, akanyoosha mkono akapandisha utambi wa kibatari.

Basi yule paka akahamia vichakani, akawa anakamata wapita njia, na jibu la Sultani likabaki lile lile. Mpaka siku alipotoka na wanawe kwenda kutazama shamba lake. Paka akaruka kutoka majanini, akawaua wanawe watatu. Hapo Sultani akapata macho: Huyu si paka tena! Huyu ni Nunda, mla watu!

Wanangu, mnyama hakubadilika siku ile. Kilichobadilika ni jina. Waliopoteza watoto mwezi uliopita walijua zamani kwamba yule si paka. Ila kumwita Nunda kabla Sultani hajamwita hivyo, hiyo ingekuwa kesi.

Hilo tu ndilo lililonileta. Yaliyobaki ni mifano, na malalamiko mawili matatu ya kizee.

Nianze na kile chenye selotepu nyingi kuliko vyote, The Hunger Games cha Suzanne Collins wa Marekani, cha mwaka 2008. Mnakijua kuliko mimi. Nchi ya Panem, mji mkuu unaokula na kusaza, wilaya kumi na mbili zinazoulimia na kuuchimbia. Kila mwaka kila wilaya inatoa mvulana mmoja na msichana mmoja, wa miaka 12 mpaka 18, wanaingizwa uwanjani wauane mpaka abaki mmoja, na nchi nzima inakodolea macho televisheni.

Wengi wenu mnakimbia mfike uwanjani. Nawaomba mrudi kurasa za mwanzo, kwenye suala la nafaka. Mtoto wa maskini anaruhusiwa kuongeza jina lake katika ile kura, na kwa kila karatasi ya ziada anapewa nafaka na mafuta ya kumtosha mtu mmoja mwaka mzima, tena kwa kubana. Anaweza kuongeza moja kwa ajili yake na moja kwa kila mtu wa nyumbani kwao. Karatasi hazifutwi, zinalimbikizana mwaka hadi mwaka. Ndiyo maana Katniss, binti wa miaka 16, jina lake limo mara 20, na rafiki yake Gale, mwenye familia kubwa, limo mara 42. Mdogo wake Katniss, Prim, limo mara moja tu. Na ndilo linalochomolewa.

Sasa ukimuuliza ofisa wa mji mkuu atakuambia kura ni ya haki, kila karatasi ina nafasi sawa na nyingine. Kweli kabisa. Karatasi zina usawa. Na hakuna aliyelazimishwa, walikuja wenyewe na magunia yao. Mimi nimeishi miaka ya foleni za unga, najua mtu mwenye njaa anavyosaini karatasi bila kuisoma.

Binti mmoja wa kidato cha pili alikuja kurudisha kitabu hiki, akabaki amesimama mbele ya meza. Nikamwambia, mwanangu, hudaiwi faini. Akasema, "Bibi, wazazi walikuwa wapi?" Nikamwambia walikuwepo pale pale siku ya kura, wamesimama pembeni wanatazama. "Sasa kwa nini walikubali?" Sikuwa na jibu la haraka. Nikamrudishia swali kama walimu tunavyofanya tukikwama: kwenu mtu akionewa na mkubwa, wazee wanasema methali gani? Akafikiri, akasema, "Zimwi likujualo halikuli likakwisha."

Lahaula! Methali hiyo nimeifundisha miaka thelathini. Maana yake nilikuwa naiandika ubaoni bila kutazama: mtu anayekujua, hata akikudhuru, atakuhurumia. Siku ile nikaisikia kama kwa mara ya kwanza. Halikuli likakwisha. Kwa hiyo linakula! Tulichopatana nalo ni kiasi tu.

Mwandishi mwenyewe amesema chanzo kimoja cha kitabu chake ni ngano ya Wayunani. Mji wa Athens ulilazimishwa kupeleka kisiwani Krete wavulana saba na wasichana saba, waliwe na Minotaur, nusu mtu nusu fahali, ndani ya mzingile. Neno hilo mzingile lishikeni, ndilo jina la jumba lenye njia za kupotezana. Kezilahabi aliipa riwaya yake nzima jina hilo mwaka 1991. Haya, yule fahali alikuwa wa nani? Alikuwa wa nyumba ya Mfalme Minos, amezaliwa na mke wa mfalme. Paka wangu, ndama wangu.

Cha pili ni kijitabu chembamba, kwa hiyo mnakidharau: The Giver, cha Lois Lowry, 1993. Mle hakuna vita wala njaa. Hakuna hata rangi, watu hawazioni. Mtoto akifika miaka 12 anapangiwa kazi na hakuna anayebisha. Wazee wakizeeka sana "wanaachiliwa", na wanafanyiwa sherehe. Mtoto mchanga asiyekua vizuri naye "anaachiliwa". Neno laini, unaweza kulipitia kurasa mia bila kujikwaa. Mpaka kijana Jonas anapoonyeshwa picha iliyorekodiwa ya baba yake mzazi akiwa kazini. Baba huyu ni mpole, kazi yake ni kulea vichanga. Wamezaliwa mapacha, na sheria inataka mmoja. Anawapima uzito. Aliye mwepesi anamdunga sindano kwenye paji la uso, anamsubiri atulie, anamtia kwenye boksi, anamuaga kwa ile sauti ya kubembelezea watoto, halafu anatumbukiza boksi kwenye tundu la taka. Nilikuwa nakisoma ndani ya daladala. Nilipitishwa vituo viwili.

Sisi nasi tuna maneno yetu laini. Rushwa ni chai, au kitu kidogo, au "usituache hivi hivi". Binti akipewa mimba akiwa shule tunasema ameharibika, utadhani redio. Aliyempa hata neno hatujamtafutia.

Kwa hiyo mzazi wangu wa kwanza, ni kweli damu imo, na mtoto wa darasa la tano simwazimi. Ila yule binti hakuniuliza habari za mishale na mikuki. Aliuliza wazazi walikuwa wapi. Ukae ukijua, na kwako atakuja kuuliza.

Tuje kwenye uchawi.

Kitabu ambacho mzazi wa pili alikiinua mbele yangu kwa vidole viwili, kama mtu anayeshika panya, ni Children of Blood and Bone, cha mwaka 2018. Mwandishi ni Tomi Adeyemi, Mmarekani ambaye wazazi wake ni wa Nigeria. Miungu inayotajwa mle ni ile ya Wayoruba. Nchi ilikuwa na watu wenye vipaji, wengine vya moto, wengine vya maji, wengine vya kuponya. Mfalme akavizima vipaji hivyo, akawaua watu wazima waliokuwa navyo, na mama wa Zélie, binti anayebeba hadithi, ni miongoni mwao. Waliobaki ni watoto wao, wanatambulikana kwa nywele nyeupe, wanatozwa kodi isiyolipika, na mitaani wanaitwa funza.

Sasa neno "uchawi" hapa linatudhulumu. Kiswahili kina uchawi, kina uganga, kina mazingaombwe, kina karama, kina miujiza, na kila kimoja kina mlango wake na mwenyewe wake. Hakuna mtu wa Tanga anayemchanganya mganga na mchawi, akiwachanganya yatamkuta. Kiingereza cha riwaya hizi kinavitia vingi katika kapu moja, "magic", na sisi tukilipokea lile kapu tunalibandika lebo ya "uchawi", kisha tunaogopa lebo tuliyoiandika wenyewe. Zélie si mchawi kwa Kiswahili chochote ninachokijua. Amenyang'anywa urithi wa mama yake.

Na mwishoni mwa kitabu mwandishi anaeleza kilichomsukuma: zile habari za Wamarekani weusi wasio na silaha, wakubwa kwa watoto, kupigwa risasi na polisi, kila akiwasha televisheni. Angalieni jina linavyofanya kazi tena, safari hii kinyumenyume. Kwa Sultani, dubwana linaitwa paka ili liendelee kula. Mle, mtoto wa watu anaitwa funza ili anayemkanyaga asijione kafanya kitu.

Lalamiko langu la kwanza sasa. Ziko riwaya nyingi za aina hii, sizitaji, ambazo ngano imo kama vitenge kwenye hoteli ya kitalii. Mwandishi anamchukua jini, anamvalisha koti refu, anampa macho ya huzuni, na huyo jini wa miaka elfu kazi yake yote ni kumpenda msichana wa miaka 17. Jini wa Tanga hana nafasi hiyo! (Kicheko kirefu.) Jini wa huku ana masharti. Anataka harufu yake, siku yake, rangi yake ya nguo, na ukikosea umekosea. Masharti ndiyo hadithi yenyewe. Fumo Liyongo hadhuriki kwa silaha yoyote ila sindano ya shaba ikimpata kitovuni, na aliyemchoma ni mwanawe wa kumzaa, aliyekuwa ameahidiwa mke. Lwanda Magere wa Wajaluo mwili wake ni jiwe, kivuli chake ndicho chenye damu. Ondoa lile sharti, Liyongo anabaki mtu mrefu tu mwenye upinde.

Lalamiko la pili ni wale wavulana wawili. Kila riwaya wavulana wawili, mmoja mpole mmoja mkali, na nchi inaungua huku binti anapima. Ninayaruka hayo. Nyinyi najua hamruki.

Basi nije nyumbani. Hapo Machui, nje kidogo ya mji huu, amelala Shaaban Robert. Mwaka 1951 alichapisha Kusadikika. Mnakijua kwa jina la "kile cha mtihani". Hebu kisahauni kidogo mtihani, nikisimulie kama kimeingia jana na jalada jipya. Kuna nchi inaelea angani. Kijana mmoja, Karama, anashitakiwa kwa kosa la kutaka watu wafundishwe sheria. Mshitaki wake ni waziri anayeitwa Majivu. Karama anapopewa nafasi ya kujitetea, hajizungumzii. Anasimulia habari za wajumbe sita waliowahi kutumwa pande sita, mashariki na magharibi, kusini na kaskazini, mbinguni na ardhini, wakaleta kutoka huko mambo ya kuifaa nchi, na kila mmoja alivyorudi malipo yake yakawa kifungo. Siku baada ya siku anasimulia, mbele ya mfalme, na waziri anasikiliza majina ya watu waliofungwa yakitajwa moja moja kwa sauti.

Mwandishi wakati huo alikuwa karani wa serikali ya mkoloni. Mchana anapiga chapa barua zao, usiku anaandika hayo. Kwa nini nchi akaiweka angani? Kwa sababu angani hakukuwa na bwana wa wilaya. Mimi sijaona distopia yenye akili ya namna hiyo. Na bado niliuliza darasa moja la kidato cha nne: je, Karama alipona? Wakatazamana. Dhamira kuu walikuwa nayo, dhamira ndogo walikuwa nazo, tamathali za usemi na mifano yake walikuwa nayo. Kama Karama alipona hawakujua, maana waliusoma mwongozo, hawakusoma kitabu. Na mimi siwaambii.

Ukimaliza hicho, chukua Adili na Nduguze cha huyo huyo, uone kwa nini mtu mwema anawachapa mijeledi manyani wawili kila usiku, naye hataki. Ukitaka wanyama wanaotawala, tangu 1967 tunayo Shamba la Wanyama, tafsiri ya Fortunatus Kawegere. Na kutoka Kenya ipo Walenisi ya Katama Mkangi, ya mwaka 1995. Hilo jina usilipite haraka. Likate: wale ni sisi. Mkangi aliwahi kuwekwa kizuizini bila kushitakiwa, kwa hiyo alikuwa anajua anaandika nini.

Kabla kengele haijalia, turudi kwa Nunda, maana sikumaliza.

Sultani alikuwa na mwana wa mwisho, yule wa kukaa jikoni na mama yake, ambaye hakuna aliyemtegemea. Akasema, nakwenda kumtafuta Nunda aliyewala ndugu zangu. Wazazi wakamzuia, akaenda. Alikuwa hajawahi kumwona, ameambiwa tu: masikio madogo, mwili mpana, mkia mnene. Akaua mbwa, akamburuta mpaka nyumbani akiimba: Mama wee, niulaga, Nunda mla watu! Mama akajibu?

(Wanafunzi: Siye!)

Mwanangu, siye, siye Nunda mla watu. Akarudi msituni akaua fungo. Siye. Ngawa. Siye. Punda milia. Siye. Twiga, kifaru, tembo, kila mara anaburuta mzoga na kuimba, na kila mara mama anamwambia siye. Nilipokuwa mdogo nilimwonea huruma kijana kwa kuchoka. Siku hizi namwonea huruma twiga. Hakuwa amemla mtu.

Watu wengi wanakilaumu kitabu cha tatu cha hadithi ya Katniss. Wanasema ni kizito, kina vifo mno, hakina raha ya kile cha kwanza. Mimi ndicho ninachokitetea. Kule mwishoni anasimamishwa na upinde wake mbele ya adui aliyemwinda vitabu vitatu vizima. Umati umejaa, na mtu mpya anayetaka kuitawala nchi yuko juu roshani anatazama. Mshale ni mmoja. Anavuta. Na pale ndipo unapoona kama binti huyu amejifunza kumsikiliza mama anayesema "siye".

Ule mshale ulikwenda wapi sitasema. Na wengi wenu hamjui, kwa sababu nakala yetu ya kitabu hicho imechanwa kuanzia ukurasa huo huo mpaka mwisho. Daftari linaonyesha kilitoka kizima tarehe gani na kwa nani. Jina nimelipigia mstari. Niko maktaba Jumanne kuanzia saa nane mchana, na selotepu ninayo.

Asanteni sana.